Kidhibiti joto hakiamui joto la mchemko: kwa anayeanza kukeneka nyumbani

Wengi wanaoanza kukeneka nyumbani, yaani kuchemsha pombe na kuupoza mvuke wake uwe matone, huja na swali lilelile: kidhibiti joto cha elektroniki nikiweke nyuzi ngapi? Mtu ameshasoma kwamba ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78.4 na maji kwenye 100, basi anaona kazi imekwisha: aweke 79, ethanoli itoke, maji yabaki kwenye tangi. Nakuomba uliweke swali hilo kando kabla hujanunua kifaa chochote, kwa sababu linaanzia mahali pasipo sahihi.

Chukua tangi lenye pombe iliyochachuka, ethanoli asilimia 10 kwa ujazo. Mchanganyiko huo hauchemki kwenye 78.4. Kwenye usawa wa bahari unachemka karibu na nyuzi 93. Ukiwa na asilimia 40, unachemka karibu na 84. Kinachoamua ni mambo mawili tu: uwiano wa ethanoli na maji uliomo tangini, na kanieneo ya hewa mahali ulipo. Ethanoli inapotoka, uwiano unabadilika na mchemko unapanda wenyewe. Ikibaki asilimia 5 utakuta tangi liko karibu na 96, na ikikaribia kwisha utaona 99. Hakuna kitufe cha kulizuia joto hilo lisipande. Ukiongeza moto, kinachoongezeka ni mvuke, joto la tangi linabaki palepale.

Sasa tazama kidhibiti kinavyohangaika na tangi hilo la asilimia 10. Ukikiweka 92, kinapasha hadi 92 kisha kinakata. Tangi halijachemka, na utakaa hapo ukisubiri tone. Ukikiweka 94, tangi linaanza kuchemka kwenye 93, kidhibiti kinaona bado nyuzi moja, nacho kinaiacha hita iwake kwa nguvu zake zote. Povu linapanda, na pombe ambayo haijakenekwa inasukumwa juu hadi kwenye kipozeo, pale mvuke unapopozwa kuwa matone, unaona kinachotoka kimekuwa na rangi ya tangini. Baadaye ethanoli inapungua, mchemko unafika 94, kidhibiti kinakata umeme na kazi inasimama ilhali ethanoli nyingi bado imo ndani. Kifaa hakijaharibika. Kimefanya ulichokiambia, ila ulikipa kazi isiyokuwa yake.

Kidhibiti cha PID, kile kinachokokotoa kiasi cha nguvu kulingana na joto lilivyo mbali na uliloweka, hakikuokoi hapa, hata kama kina bei na kina namba mbili zinazowaka kwenye kioo. PID imeundwa kwa kitu ambacho joto lake hupanda ukiongeza nguvu na kushuka ukipunguza. Maji yanayochemka hayako hivyo. Namba ya juu, joto lililopo, haifiki ya chini, joto uliloweka, PID inazidi kujumlisha kosa, mwisho inatoa asilimia 100 moja kwa moja.

Unachokitawala wewe ni wati. Nguvu ya umeme inayoingia kwenye hita ndiyo inayoamua kiasi cha mvuke kinachopanda kwa dakika. Kilowati moja, ukiacha joto linalopotea pembeni, hugeuza kama kilo 1.6 za maji kuwa mvuke kwa saa. Ethanoli huhitaji joto dogo zaidi kugeuka mvuke, hivyo kwa nguvu ileile mvuke wenye ethanoli nyingi hutoka kwa wingi zaidi. Hii ndiyo sababu mwanzoni matone hukimbia na mwishoni hulegea, ingawa hujagusa kitu.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni cha kurekebisha nguvu, yaani dima kubwa ya umeme inayostahimili hita yako, au rilei (swichi inayoamriwa kwa umeme) ya elektroniki, ile SSR, inayoendeshwa kwa asilimia. Ukitumia dima inayoonyesha volti, kumbuka kwamba nguvu haishuki sawasawa na volti. Hita ya wati 3000 kwenye volti 230, ukiipa volti 115, inatoa wati 750, robo tu. Wanaoanza wengi hushuka hadi nusu ya volti wakitegemea nusu ya moto, kisha wanashangaa mchemko umekufa.

Ukiwa tayari una PID, angalia kama ina hali ya kuendeshwa kwa mkono, ambapo unaweka asilimia ya nguvu badala ya nyuzi. Ikiwa nayo, umepata chombo kizuri. Lakini tazama muda wa mzunguko uliomo kwenye mipangilio. Vidhibiti vingi huja vikiwa na sekunde 20, kwa ajili ya rilei za kawaida. Kwa asilimia 40, maana yake hita inawaka sekunde 8 kwa nguvu zote na kuzima sekunde 12. Kwenye mnara, yaani bomba lililosimama juu ya tangi, wenye nyavu za shaba ndani utaona kabisa mvuke ukipanda na kushuka, na usafi wa kinachotoka unaharibika. Weka sekunde 2 au chini, na utumie SSR. Rilei ya kawaida usiipe kazi hiyo: nyingi huandikiwa kuhimili kama mara 100,000 zikiwa na mzigo kamili, na kwa mzunguko wa sekunde 2 idadi hiyo inakwisha ndani ya saa 56.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu SSR ndiyo inayounguza nyumba. Inapopitisha ampia 13, yaani hita ya wati 3000 kwenye volti 230, yenyewe hutoa joto la wati 15 hivi. Bila bati la kupozea lenye mapezi, na grisi ya kupitishia joto katikati, itaungua. Nunua yenye ampia mara mbili au tatu ya unazohitaji, maana namba zilizoandikwa kwenye zile za bei ya chini si za kuamini. Halafu jua inavyokufa: mara nyingi SSR ikifa hubaki imefunga, umeme unapita moja kwa moja, na kidhibiti kikisema "zima" hakuna kinachozimika. Ndiyo maana lazima kuwe na swichi ya kweli au kontakta (swichi kubwa inayoamriwa kwa umeme) kabla yake, unayoifikia kwa mkono. Hata ikiwa nzima na imezimwa, SSR huvujisha umeme kidogo, kwa hiyo usiguse nyaya za hita ukitegemea taa yake imezima. Chomoa plagi. Mzunguko wote uwe na ethi iliyofungwa kwenye mwili wa tangi, fyuzi au breka inayolingana na waya, na breka ya kukata umeme unaovuja ya miliampia 30. Mambo haya sipunguzi hata moja.

Baada ya hapo ndipo kidhibiti joto kinapata kazi zake, nazo ni nzuri.

Ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa, ni kulinda kipozeo. Funga sensa kwenye bomba la maji yanayotoka kwenye kipozeo na ukiambie kidhibiti kikate hita maji yakizidi, tuseme, nyuzi 60. Maji yakikatika, pampu ikisimama au bomba likikunjwa, mvuke wa ethanoli utaanza kutoka chumbani bila kupozwa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, na ukifika asilimia 3.3 hivi ya hewa unaweza kuwaka. Kidhibiti rahisi cha kuwasha na kuzima kinatosha kabisa kwa ulinzi huu, mradi hakipitishi mzigo wa hita chenyewe bali kinaamuru kontakta. Lakini maji yakikatika kabisa, bomba linaweza kupoa huku mvuke ukipita, kwa hiyo sensa ya pili kwenye tundu la juu la kipozeo, panapoingia hewa, inakuongezea uhakika. Tundu hilo lisizibwe kamwe, wala usifunge vali yoyote kwenye njia ya kutokea. Na boksi la kidhibiti likae mbali na mahali matone yanapodondokea, juu kuliko sakafu, kwa sababu rilei hutoa cheche kila inapogonga.

Ya pili ni kukushtua. Kupasha lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 93 kwa hita ya wati 3000 huchukua kama dakika 35, na zaidi kama tangi halijavikwa kitu cha kuzuia joto. Weka kengele ilie tangi likifika 80, uende ushushe nguvu kabla mchemko haujaanza. Mara nyingi theluthi ya nguvu hizo inatosha kuendelea.

Ya tatu ni kukata mwishoni. Tangi likifika 99 hakuna la maana lililobaki, na hita inayobaki wazi kwa kukaukiwa huungua. Hii si ruhusa ya kwenda kulala. Mtambo unaowaka unakaa nao.

Na kuna hatari moja ambayo maelekezo ya vifaa hivi huipita haraka: sensa ikichomoka kwenye mfuko wake na kuning'inia nje, inasoma joto la chumba. Kidhibiti kinaona nyuzi 25, kinadhani tangi ni baridi, na kinaunguza kwa nguvu zote. Kengele ya waya uliokatika haitalia, kwa sababu waya haujakatika. Ifunge sensa kwa skrubu au kwa kibano, isiwe ya kuchomekwa tu.

Kuhusu sensa zenyewe: kwenye mvuke wa ethanoli tumia yenye ganda la chuma kisichoshika kutu, na kwa sehemu kubwa Pt100, sensa ya platinamu ambayo ukinzani wake hupanda na joto, ndiyo chaguo langu. Ina omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100, na ile ya nyaya tatu hukiwezesha kidhibiti kufuta ukinzani wa waya. DS18B20, sensa ya kidijitali, ni nafuu na ni nzuri, lakini usahihi wake wa nusu nyuzi unaahidiwa hadi 85 tu, na tangi lako litapita hapo. Zile za plastiki nyeusi zinazokuja na kidhibiti joto cha STC-1000 ziache kwenye ndoo ya kuchachushia. Huko ndiko kifaa hicho kinakofaa hasa: kina rilei mbili, moja ya kupasha na moja ya kupoza, na hamira inapenda joto lisiloyumba. Kwenye mvuke, plastiki hutoa ladha na vitu usivyotaka kuvinywa.

Kwenye kichwa cha mnara, usahihi kamili si muhimu sana kama uthabiti. Kanieneo ya hewa hubadilika siku hadi siku, na kila ukipanda mita 300 mchemko wa maji hushuka kama nyuzi moja, kwa hiyo usitafute 78.2 ya vitabuni, ambayo ni mchemko wa ethanoli iliyobaki na maji kidogo tu. Subiri namba itulie, iandike, kisha angalia inapoanza kupanda. Ikipanda nyuzi 0.2 au 0.3 na isirudi, mnara unakuambia ethanoli inapungua na vile vizito vya mwisho, vinavyoharibu ladha, vinakaribia. Badilisha chombo hapo. Ndiyo maana kioo chenye desimali kina thamani hata kama namba yake imekosea nyuzi nzima.

Msije mkadanganyana kuhusu methanoli. Huchemka kwenye 64.7, na utasikia mtu akisema weka kidhibiti 65, subiri itoke yote, kisha endelea. Haiwi hivyo. Ikiwa ndani ya maji na ethanoli, methanoli haitoki peke yake kwenye joto lake, hutoka imechanganyika na wenzake na nyingine huendelea kutoka hadi mwisho. Sehemu ya kwanza inayotoka bado unaimwaga, kwa kipimo na kwa harufu, lakini kidhibiti joto hakiwezi kukusafishia kitu kisicho salama tangu mwanzo. Spiriti ya viwandani iliyotiwa sumu haiokolewi na mtambo wowote wa nyumbani.

Sheria nayo iangalie kabla ya yote. Nyuzilandi iliruhusu watu kukeneka pombe kwa matumizi yao wenyewe mwaka 1996, lakini katika nchi nyingi ni kosa bila leseni. Kwa anayekeneka maji au mafuta ya maua na majani, mambo ni mepesi zaidi, na niliyoyasema kuhusu wati yanabaki vilevile: mvuke wa maji unaopita kwenye majani hukaa chini kidogo ya 100 ufanye ufanyavyo, na kasi yake unaipanga kwa nguvu.

Ukishafunga kila kitu, mara ya kwanza tia maji matupu. Angalia sensa kwenye barafu inayoyeyuka, isome 0, kisha kwenye mchemko, ukikumbuka kutoa nyuzi za mwinuko wako. Halafu chemsha kwa wati 1000 na upime kinachotoka kwa dakika kumi. Bila upotevu wowote ungepata kama mililita 270. Ukipata 220, zile 50 ndizo joto linalopotea kwenye kuta za tangi, nawe umejua deni la mtambo wako. Pima na maji ya kupozea: kwa wati 1000, maji yanayopashwa nyuzi 20 yanahitaji kupita kama mililita 720 kwa dakika. Rudia kwa wati 1500 na 2000, uandike jedwali, ulibandike kwenye boksi la kidhibiti karibu na kitufe cha nguvu.