Swali la lugha: Rais wa Marekani "huteua" jaji au "hupendekeza"?

SWALI: Gazeti moja liliandika, "Rais wa Marekani amemteua jaji wa Mahakama Kuu." Jingine likasema amempendekeza, tena kwa "siasa zake za kihafidhina". Lipi sahihi?

JIBU: Andika amempendekeza. Kisarufi amemteua si kosa, maana kuteua ni kuchagua mmoja kati ya wengi. Tatizo ni picha anayoipata msomaji. Tanzania, jaji wa Mahakama Kuu akishateuliwa na Rais, kinachobaki ni kiapo. Marekani, Rais hutoa jina tu. Kamati ya Sheria ya Seneti, yaani chumba cha juu cha Bunge lao, humhoji mhusika, kisha Seneti yenye maseneta 100 hupiga kura. Akipita ndipo Rais humteua rasmi, naye huapishwa.

Tazama kisa cha Merrick Garland. Barack Obama alimpendekeza Machi 2016, Seneti ikakataa hata kumhoji, na jina likafa Januari 2017. Ukiandika "Obama alimteua Garland kuwa jaji", umemweka mtu kwenye kiti ambacho hakukikalia kamwe. Robert Bork naye alifika kwenye kura mwaka 1987, akaangushwa kwa kura 58 dhidi ya 42.

Kwa kazi ya Seneti tumia kuthibitisha. Katiba ya Tanzania ina neno hilohilo kwa Waziri Mkuu: Rais humteua, Bunge huthibitisha. Wakenya wengi husema kuidhinisha, nalo ni zuri.

"Jaji mteule" linahitaji uangalifu zaidi. Rais mteule ni aliyekwisha kushinda, bado kuapa tu. Ketanji Brown Jackson alithibitishwa Aprili 7, 2022, akaapishwa Juni 30 Stephen Breyer, jaji aliyemrithi, alipostaafu. Katika wiki hizo za kungoja, mteule lilimfaa kabisa. Kabla ya kura, sema "aliyependekezwa".

Na kuiita mahakama hiyo ya Marekani "Mahakama Kuu", hapana. Kwetu Tanzania, Mahakama Kuu iko chini ya Mahakama ya Rufani. Andika Mahakama ya Juu, kama Kenya inavyoiita yake.

Sasa hilo la "siasa zake". Neno siasa humfanya jaji aonekane mwanachama anayepokea maagizo ya chama. Neno linalofaa ni itikadi, yaani mambo anayoyaamini kwa dhati. Mhafidhina linatokana na shina moja na hifadhi: ni mtu wa kulinda yaliyokuwapo. Lakini washauri wa Rais wanapozisoma hukumu za jaji, hutafuta pia jambo jingine: je, huyashika maneno ya Katiba kwa maana yaliyokuwa nayo yalipoandikwa, au huyasoma kwa kufuata mabadiliko ya nyakati? Hiyo ni mbinu ya kutafsiri sheria. Aghalabu huandamana na itikadi, ila si kitu kimoja, na mwandishi makini hayachanganyi.

Tena itikadi ya jaji hukisiwa tu. George H. W. Bush alimpendekeza David Souter mwaka 1990 watu wakitarajia mhafidhina. Souter alikuwa amekaa miezi michache tu katika mahakama ya rufani ya shirikisho, hukumu za kumpimia zilikuwa haba, na baadaye akawa anapiga kura mara nyingi na majaji waliberali, yaani wapenda mabadiliko, hadi alipostaafu 2009. Kwa hiyo, jaji ambaye hajakalia kiti usimwite "mhafidhina" moja kwa moja. Andika "anayetarajiwa kuwa mhafidhina", kisha utaje hukumu iliyowafanya watu watarajie hivyo.