Hanimuni: asali ipo, mwezi ni upi?

SWALI: Asalaam aleykum mwalimu. Mie niko risepsheni kwenye hoteli moja huku Nungwi, wageni wetu wengi wanakuja hanimuni. Juzi mgeni mmoja katwambia eti neno honeymoon limetoka kwa watu wa zamani wa Ulaya waliokuwa wakinywa pombe ya asali mwezi mzima baada ya harusi, mwenzangu akabisha, akasema mwezi wenyewe ni huu wa mbinguni. Nani kasema kweli? Halafu bosi anataka tangazo la vyumba kwa Kiswahili, niandike hanimuni au fungate?

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu. Mwenzio ndo kakaribia. Hiyo stori ya pombe imeenea sana mitandaoni na wageni wanaipenda, na kweli Ulaya pombe ya asali ilikuwepo toka zamani, lakini maandishi ya mwanzo ntakayokutajia hapa hayataji pombe wala desturi ya kunywa mwezi mzima, kwa hiyo mie siipokei, na wewe usiwahadithie wageni kama ni historia.

Tuanze na 1546, Muingereza John Heywood alikusanya methali na misemo ya watu wake na neno limo mle, maana yake lilikuwa tayari liko midomoni mwa watu. Miaka sita baadae, 1552, Richard Huloet akaliweka kwenye kamusi yake akaeleza kuwa wanasemwa hivo maarusi wapya ambao mwanzo hawagombani, kila mmoja anampenda mwenzake kupita kiasi, ila hayo mapenzi yanaelekea kupoa. Umeona hapo? Hakuna safari, hakuna hoteli, hakuna hata hesabu ya siku. 1656 anakuja Thomas Blount anasema wazi zaidi, kwamba sasa ni asali lakini itabadilika kama mwezi. Yaani mwezi ule ukishajaa basi unaanza kupungua, na ndivyo walivyoyaona mapenzi ya ndoa changa. Neno lilikuwa na onyo ndani yake, na hilo ndo jambo ambalo watu wengi wanaolitumia leo hawalijui kabisa, wanaona sukari tu.

Sasa mbona wengine wanasema ni mwezi wa siku thelathini? Kwa sababu Waingereza wana maneno mawili, moon ya mbinguni na month ya kalenda, ila asili yake moja, na kwetu sisi hilo halitupi tabu maana vyote tunaita mwezi. Ilipofika 1755 kwenye kamusi ya Samuel Johnson maana ishakuwa mwezi wa kwanza wa ndoa, wa upole na raha tupu, lile onyo limeshafifia. Mambo ya kusafiri yamekuja nyuma sana, karne ya 19, wenye uwezo Uingereza wakawa wanatoka na wake zao kutembelea jamaa ambao hawakuhudhuria harusi, baadae ndo ikawa kwenda mapumziko wawili peke yao.

Neno likatembea pia. Wafaransa wakalifasiri kwao, na mwandishi wao Voltaire karne ya 18 akaandika kuwa mwezi wa kwanza wa ndoa ni wa asali na wa pili ni wa pakanga, ule mmea mchungu. Waarabu nao wanasema shahr al-asal, na hiyo asal ndo asali yetu hii hii.

Ama fungate, hili ni letu na lina njia yake mbali kabisa, halina asali wala mwezi. Ni namba saba ya kibantu, ya kabla hatujachukua saba ya Kiarabu, kama vile tulivyokuwa na kenda kisha tukachukua tisa. Wasukuma hadi leo saba wanaita mpungati, sikiliza tu utaona ni ndugu. Kwa hiyo fungate ni zile siku saba baada ya harusi, bwana na bibi harusi wako ndani, chakula wanaletewa, wanahudumiwa na watu wao. Mie nalipenda sana neno hili na inaniuma likiachwa.

Kwenye tangazo andika fungate. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili ndilo zinalolitoa, na watu washazoea kusema fulani kaenda fungate hata kama kapanda boti, maana imepanuka kama ya Kiingereza ilivyopanuka. Hanimuni si kosa, kwa mdomo itumie tu ukiongea na wageni, lakini usiandike mwezi wa asali, kwetu hayo hayajazoeleka na msomaji atakuwa hajui unauza nini. Andika hivi: “Vyumba vya fungate, siku 7 kwa wawili, chakula mnaletewa chumbani.” Kama bosi anauza siku tatu basi idadi iwekwe wazi pale pale, kwa sababu mzee wa hapa akisoma fungate anahesabu saba.