Ukikosa shabaha kutoka mita 9 kwenye petanki
Dada, kwenye petanki (mchezo wa kurusha tufe za chuma zikae karibu na kigololi, yaani kitufe kidogo cha kulengwa, au kuipiga tufe ya mpinzani iondoke), usikimbilie kununua tufe nzito eti kwa kuwa kutoka mita 6 unaipiga ya mpinzani vizuri, ila kutoka mita 9 unakosa. Sheria inaruhusu gramu 650 hadi 800, na wapigaji wengi hupenda za chuma laini, nyepesi kidogo. Nadhani shida ni mkono: umbali ukizidi unatumia nguvu, miguu inanyanyuka, na hilo ni kosa kabla tufe haijagusa chini. Kiganja kitazame chini, bembea ya mkono iwe ndefu, si ya haraka. Anza mita 6. Ukipata 7 kati ya 10, rudi nyuma mita moja. Na mazoezi ya kusogeza tufe karibu na kigololi, hayo hata wazoefu huyakwepa!