Bahari inapimwa, haifanyiwi zoezi

Msomaji wangu mmoja wa Bagamoyo anatafsiri makala ya sayansi, kaniandikia: "Shikamoo mwalimu, hii imekaa sawa? 'Wataalamu wanafanya zoezi la upimaji wa ubadilishanaji wa methani kati ya bahari ya Aktiki na angahewa.' Au niseme ubadilishaji?"

Marahaba mwanangu. Ubadilishaji hapana, hiyo ya shati. Kubadilishana nako kunanikwaza kidogo, maana ukibadilishana na mtu unampa dagaa anakupa mihogo, hapa mali ni ileile, gesi ya methani inatoka majini na nyingine inarudi, we sema zinapeana, tumemaliza.

Sasa hilo zoezi lako. Zoezi limetoka kwenye kuzoea, ni jambo unalorudiarudia mpaka ulizoee. Siku hizi kila kitu zoezi! Juzi nipo mazikoni hapa Tanga, jamaa wa kamati kashika maiki, "sasa tunaingia kwenye zoezi la kumzika marehemu." Zoezi jamani? Yaani tunamjaribisha kaburi, lisipomtosha tunamtoa tunarudia kesho? Na marehemu mwenyewe anazoea nini? Tukarudi nyumbani, yuleyule, "zoezi la chakula linaendelea," nikaishiwa hamu ya pilau. Muuza mihogo pale Ngamiani hajawahi kuniambia anafanya zoezi la ukaangaji, anakaanga.

Na hao wa Aktiki, kule kwenye barafu kaskazini kabisa ya dunia, wanapima, basi. Meli inavuta maji kwa pampu, yanapita kwenye chombo chenye hewa kidogo mpaka gesi ya majini na ya hewani zilingane, mashine ya leza inasoma methani ni kiasi gani. Wanasoma na hewa ya nje, ambayo kwenye chembe milioni moja methani ni kama 2 tu, wanachukua tofauti wanaizidisha kwa kasi ya gesi kuvuka, inayotegemea upepo. Maji baridi yanashika gesi kama soda iliyotoka kwenye friji, iache barazani ipate joto uone, halafu barafu ikitanda inakuwa kifuniko.

Kwa hiyo andika: "Wataalamu wanapima bahari ya Aktiki na angahewa zinapeana methani kiasi gani." Maneno 16 yamekuwa 11 na hakuna methani iliyopotea.

Ila nikubali, upepo ukigeuka hesabu imegeuka, barafu ikiyeyuka wanaanza tena, wanapima mchana wanapima usiku kwenye baridi ile. Hao wakisema wako kwenye zoezi nitanyamaza. Yule wa mazikoni simsamehe.