Wasomaji Wanauliza: Takwimu Zinapogoma Darasani

*Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo wanaosoma takwimu kwa lazima ya kozi. Tumechagua nne.*

Darasa letu la takwimu lina watu zaidi ya mia tatu. Mhadhiri anasoma slaidi, anafunga kompyuta, anaondoka. Mtihani nimefaulu kwa kukariri madesa, ila nikiulizwa mkengeuko sanifu ni kitu gani nabaki kimya. Nianze na kitabu gani? – Msomaji, Morogoro

Wiki mbili za kwanza usianze na kitabu chochote. Anza na namba tano, penseli na kikokotoo cha simu.

Tuseme muuza nyanya ameuza ndoo 3, 9, 6, 5 na 7 kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Wastani ni 6. Toa 6 kwenye kila namba upate −3, 3, 0, −1 na 1. Zijumlishe: sifuri. Hapa jibu ni sifuri siku zote, na usipoipata ujue umekosea kutoa, au umekata desimali za wastani mapema mno. Kwa kuwa jumla hiyo haikuambii lolote kuhusu mtawanyiko, kila tofauti inapandishwa kwa kipeo cha pili: 9, 9, 0, 1, 1, jumla 20. Gawa kwa 4 (idadi ya namba ukitoa moja; sababu iko kwenye barua inayofuata) upate 5, kisha tafuta kipeuo cha pili: 2.24. Huo ndio mkengeuko sanifu, na kizio chake ni ndoo, sawasawa na data yenyewe. Siku ya kawaida ya muuzaji huyu inaachana na wastani wake kwa ndoo mbili hivi.

Sasa fanya jambo ambalo darasani halifanyiki: haribu data kwa makusudi. Badili 9 iwe 29 na urudie yote kwa mkono. Wastani unapanda hadi 10, mkengeuko sanifu unaruka hadi 10.7, mediani (namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa) inabaki palepale kwenye 6. Ukishaliona hilo kwa mkono wako, hutahitaji kukariri sentensi ya kwamba wastani huyumbishwa na thamani zilizopitiliza.

Baada ya hapo ndipo ufungue Excel au Google Sheets uhakiki kwa STDEV.S, fomula ya mkengeuko sanifu wa sampuli. Jibu la mkono litangulie, la mashine lifuate. Ukiligeuza hilo utakuwa umejifunza kubofya tu.

Kitabu kije wiki ya tatu, chochote chenye majibu ya mazoezi mwishoni. Kisichokuwa na majibu hakimfai anayejisomea peke yake, hata kikisifiwa vipi. Video nazo zina hasara yake: ukimwangalia mtu akikokotoa unajiona umeelewa, mpaka siku ya karatasi tupu.

Kwa nini kwenye mkengeuko sanifu tunagawa kwa n−1 na si n, yaani idadi ya data? Mwalimu alisema ni fomula, tuikubali tu. – Mwanafunzi, Eldoret

Mazoezi yake ni ya dakika ishirini, na ni heri uyafanye mwenyewe kuliko kusoma uthibitisho wa aljebra.

Andika 1, 2 na 3 kwenye vikaratasi vitatu. Hilo ndilo kundi lako zima. Wastani wake ni 2, na varianzi (mkengeuko sanifu kabla ya kutafuta kipeuo) ni 2/3, kwa kugawa jumla ya 1 + 0 + 1 kwa 3. Sasa chukua sampuli za vikaratasi viwili, ukirudisha cha kwanza kabla ya kuchomoa cha pili. Kuna sampuli tisa tu zinazowezekana: (1,1), (1,2), (1,3), na kadhalika hadi (3,3). Ziandike zote kwa mpangilio.

Kwa kila sampuli tafuta wastani wake yenyewe, kisha jumla ya tofauti zilizopandishwa kipeo cha pili. Sampuli tatu zitakupa 0, nne zitakupa 0.5, na mbili, yaani (1,3) na (3,1), zitakupa 2. Jumla kuu ni 6.

Ukigawa kila moja kwa n, yaani 2, wastani wa majibu tisa ni 1/3, nusu ya ukweli tunaoujua. Ukigawa kwa n−1, yaani 1, wastani ni 6/9. Ni 2/3 kamili.

Kosa linaingilia kwenye wastani wa sampuli. Unatokana na namba zilezile unazozipima, kwa hiyo unakaa karibu nazo kuliko wastani halisi wa kundi. Angalia (1,1): wastani wake ni 1, tofauti zote ni sifuri, ilhali wastani wa kweli ni 2. Mtawanyiko unaonekana mdogo kuliko ulivyo, na kugawa kwa namba ndogo zaidi kunaurudisha mahali pake.

Hapo utaona pia kwa nini Excel ina STDEV.P, inayogawa kwa n. Ukiwa na kundi lote mkononi, hakuna cha kurekebisha, gawa kwa n. Sampuli ikiwa kubwa tofauti haionekani: kugawa kwa 400 au 399 ni yaleyale.

Najifunza R, programu ya takwimu, peke yangu. Chati ya mishale ya kuchagua kipimo cha takwimu nimeikariri, lakini data halisi ikija nachanganyikiwa. – Msomaji, Mwanza

Achana na chati kwa muda. Jiulize kwanza: kila mstari wa data yangu ni nani, na amepimwa mara ngapi?

R ina data iliyopachikwa ndani iitwayo sleep, ileile aliyoitumia William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness, katika makala yake ya 1908 iliyotoka kwa jina la Student. Wagonjwa 10, dawa mbili za usingizi, na saa za usingizi zilizoongezeka kwa kila dawa. Andika:

t.test(sleep$extra[1:10], sleep$extra[11:20])

Utapata p = 0.079 (p ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi endapo dawa zingekuwa sawa). Kisha ongeza paired = TRUE kabla ya mabano ya kufunga, na p inakuwa 0.0028. Data ni ileile. Mara ya kwanza umeiambia R kuwa ni watu 20 tofauti, kumbe ni 10 waliopimwa mara mbili. Watu hutofautiana sana usingizi, na tofauti hiyo ilikuwa inaifunika ya dawa.

Kokotoa kwa mkono: tofauti za wagonjwa wote 10 zina wastani wa 1.58 na mkengeuko sanifu wa 1.23. Gawa 1.23 kwa kipeuo cha pili cha 10 upate 0.389, halafu 1.58 kwa 0.389. Ni 4.06, t ileile ya R, namba ambayo p inatokana nayo (R inaweka alama ya kutoa kwa sababu imeanza na dawa ya kwanza). Kisha mwondoe mgonjwa wa tisa, ambaye tofauti kati ya dawa zake mbili ni kubwa kuliko zote, saa 4.6. Wengi wangetabiri t ishuke. Inapanda hadi karibu 5.7! Tafuta sababu mwenyewe kwenye kigawanyo.

Nimeingiza dodoso 20 kwenye Excel. Wastani wa umri unanitia shaka lakini kosa silioni. – Msomaji, Mombasa

Kabla ya wastani, piga MIN na MAX. Mara nyingi mhalifu ni 99 iliyoandikwa kwa asiyejibu. Watu 18 wenye wastani wa miaka 30, pamoja na wawili wa 99, wanatoa 36.9, namba isiyomshtua mtu. Ingekuwa 999 ungepata 126.9 ukagundua mara moja. Asiyejibu mwachie kisanduku kitupu.

Kisha linganisha COUNT (huhesabu namba tu) na COUNTA (huhesabu kila kisanduku kisicho kitupu) kwenye safu hiyo bila kichwa chake. Zikitofautiana, kuna kisanduku chenye maandishi, kwa mfano “miaka 25”, na AVERAGE inakiruka bila kukuambia.