Ameacha gongo, hofu haijamwacha

SWALI: Shikamoo mama. Mume wangu yuko wiki ya saba bila gongo. Siku ya tatu alifukuza siafu ukutani, mimi siwaoni. Tukamkimbiza hospitali, akalazwa. Sasa hatetemeki, ila halali, na mlango ukigongwa anaruka. Mama mkwe anasema damu imeshazoea, nimpe kikombe kimoja azimue. Je, pombe imeingia kwenye vinasaba vyake?
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kumpeleka hospitali kuliokoa maisha. Nimeuguza wodini miaka 22, na siku zile za mwanzo ndizo nilizoziogopa kuliko zote: degedege, kuweweseka, moyo kwenda mbio. Watu hufa.

Vinasaba vyake ni vilevile alivyozaliwa navyo. Kilichobadilika ni namna vinavyofungwa. Ndani ya seli moja mna uzi wa DNA, uliobeba vinasaba hivyo, wa karibu mita 2, umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Ukilegea, kinasaba husomeka, ukikazwa, hunyamaza.

Ini likivunja pombe, hutoka asetati. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwa panya kwamba asetati hiyo hufika ubongoni ikabandikwa kwenye histoni kama alama, na uzi hulegea. Miaka 11 kabla, watafiti wa Chicago walikuwa wamewakatisha pombe panya walioizoea. Vimeng'enya vinavyobandua alama hizo vikashika kasi katika amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu. Uzi ukakaza, na kemikali ya kutuliza iitwayo NPY ikapungua. Walipovizuia vimeng'enya kwa dawa, wasiwasi ule haukutokea.

Kwa hiyo mama mkwe ameona kweli kwamba kikombe kitamtuliza. Kitamtuliza usiku mmoja, kisha kinaweza kumrudisha siku ya siafu. Usimpe, hata akikulilia.

Mrudishe kliniki, waeleze habari ya usingizi, uulize pia kuhusu vitamini B1. Usimpe dawa ya usingizi ya dukani.

Niliwahi kumuuguza fundi cherehani ambaye, miezi minne baada ya kuacha, bado alishtuka mkasi ukianguka. Mkewe alidhani amemchukia. Hakuwa amemchukia. Akaanza kutandika kitambaa kizito mezani, na nyumbani wakakubaliana kumwita jina kabla ya kugonga mlango. Wafundishe hivyo na wanao, kuanzia leo jioni.