Msithubutu kuiondoa hiyo notisi

Wewe uliyeandika kwamba naibu gavana wenu anautaka ugavana 2027 na amewaomba muondoe notisi ya mgomo "ili ayatengeneze kutoka ndani": acha. Usimpigie mwenyekiti wa tawi, usiite mkutano, usiwape watu matumaini. Najua umeuliza pia kama wa kandarasi wanaweza kuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi, na makato ya chama ni kiasi gani. Hayo tutayafikia siku nyingine. Hili la notisi linawaka moto.

2017 nilikuwa katibu wa tawi la wafanyakazi wa kaunti, sisi wa masoko na ushuru. Notisi yetu ya siku saba ilikuwa imepokelewa na kupigwa muhuri. Gavana wetu alikuwa anatetea kiti. Huyu mtu 2013, akiomba kura mara ya kwanza, alisimama nasi langoni na filimbi mdomoni akiimba "Solidarity" kutushinda. Basi akatuita ukumbini, chai na maandazi, akasema kandarasi za miezi mitatu mitatu ni utumwa, CBA, yaani makubaliano ya pamoja ya chama na mwajiri, ataitia sahihi mara tu akiapishwa. Kifungu cha 41 cha Katiba, haki ya kugoma na yote, alikitaja bila kuangalia karatasi. Nikasema moyoni huyu ni mwanachama mwenzetu, amesahau tu kulipa ada. Ombi lake lilikuwa moja: tusigome kabla ya uchaguzi wa Agosti.

Tukaiondoa. Barua ya kuiondoa niliiandika mimi. Hatukudai hata mstari mmoja wenye sahihi yake. Tulipiga makofi.

Akaapishwa. Tukangoja. Bajeti ya ziada ikaletwa, sisi hatumo. Tukiandika, jibu ni kwamba suala lipo SRC, ile tume ya mishahara ya serikali. Kumbe huko halikuwa limepelekwa. Na hapa ndipo tulipojimaliza kabisa: kwa hasira tukagoma tukidhani ile notisi ya zamani bado ina uhai. Haina! Ukishaiondoa, imekufa, unaanza upya: mgogoro upitie usuluhishi, kisha siku saba nyingine kwa maandishi, kwa mwajiri na kwa waziri. Tulitoka bila hayo, kwa hiyo mgomo haukuwa na kinga ya sheria. Mawakili wa kaunti walikuwa mahakamani kabla hatujachoka kuimba. Amri ikatoka, mshahara ukakatwa, barua za kujieleza zikagawanywa kama vipeperushi vya kampeni. Wa kandarasi, wale wale aliosema ni watumwa, hawakuongezewa muda hata mmoja. Kuna mama alikuwa akifagia soko tangu enzi za manispaa. Aliniuliza, "Katibu, si ulisema ameahidi?" Naye gavana akaenda redioni akatuita wahuni wanaotumiwa na wapinzani. Filimbi sijui aliipeleka wapi.

Mwenyekiti wetu ndiye aliyetuapia: "Huyu ni mtu wetu, nimekula naye." Kweli alikula. Haukupita muda akapewa ofisi makao makuu ya kaunti, mshauri wa masuala ya wafanyakazi, na barua yangu ya kujieleza ilikuja na sahihi yake. Mimi nilipata kofia ya kampeni. Kofia nzuri lakini, haijachuja mpaka leo.

Utasema gavana mmoja si ushahidi. Haya. Walimu 1997: serikali ya Moi ilikubali nyongeza kubwa mwezi Oktoba, uchaguzi ukiwa Desemba. Kura zikapigwa, pesa zikakosekana, na 1998 walimu wakarudi barabarani kudai kitu kilichokwisha tangazwa. Madaktari walisaini CBA na Wizara ya Afya Juni 2013. Haikusajiliwa mahakamani, na serikali ikaja kuishikilia hiyo hiyo kasoro kuikana. Matokeo ni mgomo wa siku 100 kuanzia Desemba 2016, na maafisa wa chama wakafungwa jela Februari. Ruto aliomba kura 2022 kwa jina la mahasla, watu wa chini wanaohangaika. 2024 madaktari wanagenzi (interns) walipodai shilingi 206,000 zilizomo kwenye CBA, walitajiwa 70,000 na kuambiwa nchi iishi kulingana na uwezo wake.

Na usinijibu eti naibu gavana wenu aliwahi kuwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Tom Mboya alikuwa mtu wa chama kuliko sisi sote, alisimamia mazungumzo ya makuli wa bandari ya Mombasa 1955. Miaka 10 baadaye alikuwa waziri katika serikali iliyobana migomo kwa sheria na kuvunja mashirikisho ya vyama ili ibaki COTU peke yake, shirikisho moja la vyama vyote vya wafanyakazi. Sisemi alikuwa mbaya. Nasema alikuwa amehamia upande wa pili wa meza.

Kwa hiyo: notisi haiondolewi mpaka CBA isajiliwe Mahakama ya Leba. Sikusema isainiwe. ISAJILIWE. Soma Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007, kifungu cha 59: makubaliano yanapata nguvu ya kutekelezwa yakishasajiliwa. Picha ya kupeana mikono haisajiliwi. Akikwambia SRC ndiyo inachelewesha, mwombe nakala ya barua aliyowapelekea, yenye muhuri wa kupokelewa. Kama haipo, mmemjua. Na kama kweli anataka kusaidia, huyo ni naibu gavana SASA HIVI, angojee 2027 ya nini?

Notisi yenu inaisha lini? Na huyo mwenyekiti wenu, chunguza amekuwa akinywa chai wapi wiki hizi mbili.